Mzamivu hana budi kuibuka

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa walimu na watumishi wa Serikali juu ya masomo ya shahada ya udaktari katika taaluma za insia, yaani historia, lugha, fasihi, falsafa na sanaa.



Mzee wa kijijini akiambiwa kwamba mwanawe yuko Chuo Kikuu anasomea udaktari, jambo la kwanza analolifikiria ni sindano na zahanati. Akielezwa kwamba udaktari wenyewe si wa kutibu watu, bali ni wa historia ya Wapare, au wa tenzi za pwani, au wa maana ya methali, hunyamaza kidogo. Kisha huuliza kwa upole: Sasa daktari huyo atamtibu nani?

SWALI LA MLIPA KODI

Swali hilo si la ujinga. Ni swali la mlipa kodi. Mwalimu anapopewa ruhusa ya kwenda kusoma kwa miaka mitatu, minne au zaidi, darasa lake hushikwa na mwenzake ambaye tayari amelemewa na vipindi. Mtumishi wa wizara anapoondoka, majalada yake huhamia meza ya jirani. Mshahara huendelea kulipwa, na mara nyingi ada na nauli pia hutoka katika mfuko wa umma. Kwa nchi ambayo bado inahesabu madawati, kumlipa mtu ili achunguze mashairi ya watu waliokwisha kufa ni jambo linalohitaji kutolewa hoja.

Mwalimu Julius Nyerere alipata kuwafananisha wasomi wa nchi changa na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwatafutia wenzake chakula. Mtu huyo akila akashiba na asirudi, basi amekisaliti kijiji. Mfano huo haukumbagua mhandisi na mwanahistoria. Wote wawili wamekula chakula kile kile.

Wasomi wengi wa insia hulikwepa swali la mzee kwa kununa. Husema kwamba elimu ni elimu, na asiyeelewa hilo amepitwa na wakati. Jibu hilo halitoshi. Jibu lipo, tena ni zuri, lakini lina sharti ndani yake, na sharti hilo ndilo shabaha ya mazungumzo haya.

MAANA YA KUZAMA

Kiswahili kimeipa shahada hii jina linalofaa. Zamani ilitajwa tu kuwa ni udaktari wa falsafa. Siku hizi huitwa shahada ya uzamivu. Watu wa pwani wanamjua mzamivu. Ni mtu anayeingia chini ya maji kutafuta lulu, au kuikomboa nanga iliyonasa mwambani. Huzama peke yake, na pumzi yake ina mwisho. Lakini hapana aliyewahi kumsifu mzamivu kwa sababu ya kuzama, kwani hata jiwe huzama. Husifiwa kwa kuibuka, na kwa kile alichokishika mkononi.

Shahada hii ya utafiti, kama ijulikanavyo leo, ilikomaa katika vyuo vikuu vya Ujerumani katika karne ya 19, hasa Berlin, ambako chuo kikuu kilianzishwa mwaka 1810. Chuo cha Yale kilitoa shahada ya kwanza ya aina hiyo nchini Marekani mwaka 1861, na Oxford haikuikubali mpaka mwaka 1917. Msingi wake haujabadilika. Mtahiniwa hapimwi kwa wingi wa mambo aliyoyakariri, bali kwa jambo jipya aliloliongeza katika elimu na kulithibitisha mbele ya wanaojua. W. E. B. Du Bois, Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada hiyo katika Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 1895, aliipata kwa historia. Alichunguza jinsi biashara ya kuwapeleka watumwa wa Kiafrika Marekani ilivyopigwa vita kwa sheria, na jinsi sheria hizo zilivyokiukwa.

Katika insia kazi huanza na swali. Mwanafunzi huandika pendekezo la utafiti, hupewa msimamizi, husoma yaliyokwisha kuandikwa na wengine, kisha huingia katika nyaraka au huenda vijijini kuwasikiliza wazee. Baada ya hapo huandika tasnifu. Katika vyuo vingi vilivyofuata desturi ya Uingereza, tasnifu ya namna hiyo hukaribia maneno 80,000 au 100,000. Husomwa na watahini, akiwamo wa kutoka nje ya chuo, na mwenyewe huitwa kuitetea kwa mdomo.

Mwanafunzi wa sayansi mara nyingi hufanya kazi katika maabara penye wenzake. Mwanafunzi wa insia hukaa peke yake na karatasi zake. Mwaka wa kwanza kila mtu humpongeza. Mwaka wa tatu hakuna anayemwulizia. Mwaka wa tano huulizwa na wote, nyumbani na kazini, na kila swali ni mwiba. Wengi hukwama hapo, na si kwa upungufu wa akili. Hukwama kwa sababu walianza safari kwa kuipenda shahada, si kwa kulipenda swali.

UPARE NA GIZA LA OXFORD

Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Oxford, alitangaza katika mihadhara yake kwamba Afrika haikuwa na historia ya kufundishwa, isipokuwa historia ya Wazungu waliokuja Afrika. Mengineyo yote, kwa maoni yake, yalikuwa giza. Hayo hayakusemwa na mlevi barabarani. Yalisemwa na mtu mwenye kiti kikubwa katika chuo kikubwa, wakati Tanganyika ilikuwa nchi huru, na chuo chake kikuu kilikuwa kimekwisha kufunguliwa mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba.

Hasira peke yake isingeweza kuyajibu maneno yale, wala hotuba ya siasa isingetosha. Yalihitaji kujibiwa kwa ushahidi, na wenye kuukusanya ushahidi huo walikuwa ni hao hao madaktari wasiojua kuchoma sindano.

Mmoja wao alikuwa Isaria Kimambo. Alikwenda katika milima ya Upare akawasikiliza wazee wa koo mbalimbali. Alisikia habari za Washana, wahunzi waliokuwa na nguvu Ugweno kwa sababu ya chuma chao. Habari za Wasuya, waliowaondoa Washana katika utawala chini ya Angovi. Na habari za Mranga, mwana wa Angovi, aliyeupanga upya utawala na kuzifanya taratibu za jando kuwa nguzo ya dola. Mgeni angeziita hadithi za kuotea moto. Kimambo alizichukua kama mwanasheria anavyochukua ushahidi. Simulizi la ukoo mmoja hupimwa kwa simulizi la ukoo wa pili, hasa ukoo ulioshindwa, kwa kuwa mshindi hupenda kujipamba. Vizazi huhesabiwa kutoka kwa mtu anayejulikana kurudi nyuma mpaka kwa yule anayetajwa tu, na hesabu hiyo hulinganishwa na ya majirani.

Tasnifu hiyo ilimpatia Kimambo udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, mwaka 1967. Miaka miwili baadaye, mwaka 1969, ilitoka kama kitabu mjini Nairobi, kikieleza historia ya siasa ya Wapare kuanzia karibu mwaka 1500 mpaka 1900. Mwaka huo huo Kimambo na Arnold Temu walitoa kitabu cha historia ya Tanzania nzima kilichoandikwa na walimu wa Dar es Salaam na wenzao. Giza la Oxford lilikuwa limeanza kumulikwa kutoka Ugweno. Ikumbukwe kwamba kama Kimambo angechelewa miaka thelathini, wengi wa wazee wale wasingekuwapo kuulizwa.

WAZEE WA MAJI MAJI

Hoja hiyo ya wakati huonekana wazi zaidi katika habari za vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 15 vita vilipoanza alikuwa na miaka 78 ilipofika mwaka 1968. Katika mwaka huo na uliofuata, wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walipelekwa katika wilaya zilizopigana kukusanya kumbukumbu za wazee waliobaki. Faili za Wajerumani zilikuwapo, lakini faili huandikwa na mwenye bunduki. Aliyekimbilia msituni na watoto wake hakuacha faili.

Gilbert Gwassa alijitumbukiza katika kazi hiyo hasa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 yeye na John Iliffe walitoa kijitabu cha kumbukumbu za vita hivyo kwa Chama cha Historia cha Tanzania, na mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokea tasnifu yake ya udaktari. Wazee walimweleza habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani Mohoro mwezi Agosti 1905, na jinsi neno la maji lilivyopita kutoka kijiji hata kijiji na kuwaunganisha watu waliokuwa hawana mtawala mmoja. Walimweleza pia habari za njaa iliyofuata, pale mashamba na maghala yalipochomwa.

Hapo ndipo swali la mzee wa kijijini linapopata jibu. Serikali ya Kijerumani ilikadiria wafu wapatao 75,000. Gwassa, baada ya kuwasikiliza watu wenyewe, alikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti ya makadirio hayo mawili ni watu wasiopungua 175,000 ambao wasingehesabiwa na mtu yeyote. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa. Msamaha huo haukuletwa na tasnifu moja. Lakini jambo ambalo ushahidi wake umepotea haliombewi msamaha, maana hakuna anayelijua.

Pamoja na hayo, habari hii ina upande wake wa pili, na ingekuwa udanganyifu kuuficha. Tasnifu ile ya mwaka 1973 haikutoka kama kitabu mpaka mwaka 2005, yaani miaka 32 baadaye. Ilichapishwa Köln, Ujerumani, kwa Kiingereza. Vita vilipiganwa Umatumbi, Ungindo na Ungoni dhidi ya Wajerumani. Ushahidi ukatolewa na wazee wa huko huko. Na mjukuu wa mzee aliyeutoa, akitaka kuisoma kazi nzima, hana budi kuagiza kitabu kutoka Ujerumani, kisha atafute mtu wa kumtafsiria. Kosa si la mtafiti peke yake. Lulu ilipatikana, ila wenye bahari hawajakabidhiwa.

KUIBUKA KWA NAMNA MBILI

Ziko njia za kuibuka, na wako waliozionyesha. Walter Rodney, mwana wa Guyana, alipata udaktari wake London mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 24. Tasnifu yake ilihusu sehemu moja tu ya pwani ya Afrika Magharibi, kuanzia mwaka 1545 hadi 1800. Ili aweze kuiandika alilazimika kujifunza Kireno na Kihispania na kuzipekua nyaraka za Lisbon na Seville. Mtu asiyejua angesema ni kazi finyu. Baadaye Rodney alikuja kufundisha Dar es Salaam, na mwaka 1972 akatoa kitabu chake mashuhuri juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichochapishwa London na Dar es Salaam. Kitabu kile kipana, kilichosomwa na wanafunzi na wafanyakazi katika mabara kadhaa, kilisimama juu ya miguu ya kazi ile finyu. Aliyezama pahali pamoja mpaka chini ndiye aliyeweza kuieleza bahari.

Njia ya pili ni ya Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe. Alikwisha kujulikana kwa riwaya ya Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, alipokwenda Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Alipata udaktari mwaka 1985 kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Tasnifu hiyo iliandikwa kwa Kiingereza na haikuwa nyepesi. Kezilahabi hakuiacha huko. Nagona ilitoka mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vyembamba vya Kiswahili, na wahakiki wameona ndani yake maswali yale yale ya tasnifu yakiwa yamevaa nguo za hadithi. Wako wanaolalamika kwamba vitabu hivyo ni vigumu. Ni kweli. Lakini ni ugumu uliowekwa mezani mwa msomaji wa Kiswahili, auchambue mwenyewe kwa lugha yake.

MAGONJWA YA SHAHADA

Tofauti na hao, ziko tabia tatu zinazoifanya shahada hii idharauliwe, na inafaa zitajwe waziwazi.

Ya kwanza ni kasumba ya cheo. Yuko mtu anayeutafuta udaktari kama fimbo ya kutembelea, ili jina lake litanguliwe na herufi mbili katika mikutano. Mtu wa namna hii akishapata shahada hafungui tena kitabu. Wengine hawataki hata taabu hiyo. Huwatafuta wauza vyeti, au humlipa mwingine awaandikie. Huo si usomi bali ni wizi, na ni wizi mbaya zaidi kwa mwalimu, ambaye kila siku huwakataza watoto kuangaliziana majibu.

Ya pili ni kuwatumia wazee kama kisima. Mtafiti hufika kijijini na kinasa sauti, huchota, huondoka, na hasikiki tena. Mzee aliyekaa naye siku tatu hajui hata kama maneno yake yaliandikwa sawasawa. Mtafiti wa pili akifika kijiji kile, asishangae kukuta milango imefungwa.

Ya tatu ni kabati. Tasnifu hupigwa jalada gumu, huwekwa katika maktaba ya chuo, na vumbi huwa msomaji wake mwaminifu. Wakati huo huo, mwalimu wa historia katika shule ya sekondari ya wilaya ile ile iliyochunguzwa hufundisha kwa madondoo aliyoyanakili alipokuwa mwanafunzi. Wako katika nchi moja na wanalipwa na hazina moja, lakini elimu ya mmoja haimfikii mwingine.

ANAYEKUSUDIA KUZAMA

Miongoni mwa walimu na watumishi wa umma wako wengi wanaofikiria kuianza safari hii, na hapana sababu ya kuwavunja moyo. Mwalimu aliyefundisha miaka kumi analo jambo ambalo kijana aliyetoka moja kwa moja darasani hana: amekwisha kuona pahali ambapo kitabu kimenyamaza. Swali lililotokea mbele ya wanafunzi, likakosa jibu katika vitabu vyote vilivyopo, ni mwanzo bora wa tasnifu kuliko mada iliyookotwa kwa kuwa ni ya mtindo.

Achague swali ambalo yuko tayari kuishi nalo hata siku anazolichukia. Achague msimamizi kwa kusoma kazi zake na kwa kuwauliza waliosimamiwa naye, wala asivutiwe na ukubwa wa jina. Ajifunze lugha inayotakiwa na nyaraka zake, kama Rodney alivyofanya; anayetaka kuijua historia ya ukoloni wa Kijerumani bila Kijerumani atakuwa mateka wa watafsiri. Aandike kila wiki, hata kidogo, kwa maana tasnifu haiandikwi kwa mkupuo mmoja. Na ailinde nyumba yake. Mke au mume na watoto wanaolipa gharama ya miaka ile wanastahili kuelezwa kinachotafutwa.

Kuhusu lugha, udhuru umepungua. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupokea tasnifu za uzamivu zilizoandikwa kwa Kiswahili katika taaluma za Kiswahili. Jambo hilo limeonyesha kwamba fikra nzito haziiogopi lugha hii. Anayelazimika kuandika kwa Kiingereza kwa sababu ya fani yake au chuo chake, aweke nadhiri tangu mwanzo kwamba baada ya kutetea tasnifu ataandika kijitabu cha kurasa hamsini kwa Kiswahili, na nakala ya kwanza itakwenda kwa wale waliomkaribisha uani mwao.

WAJIBU WA WALIOBAKI PWANI

Mzamivu hafanyi kazi bila watu wa chomboni. Yuko anayeishika kamba, na anayeijua ishara ya kuvutwa juu. Mwajiri anayempa mtumishi ruhusa ya miaka minne, kisha akirudi humpangia kazi ya kupokea barua, ameikata kamba kwa mkono wake mwenyewe. Ni wajibu wa ofisi kumwuliza kila anayerudi: Umeleta nini, na nani akisome? Ni wajibu wa shule kumwita aje kuzungumza na wanafunzi, si siku ya mahafali tu. Na mwalimu wa kawaida, asiye na nia yoyote ya udaktari, anaweza kudai tasnifu iliyoandikwa juu ya wilaya yake, kwa sababu imelipiwa na yeye na wazazi wa wanafunzi wake.

Yule mzee wa kijijini basi apewe jibu lake kwa heshima. Daktari huyu hachomi sindano. Anatibu usahaulifu, nao ni ugonjwa ulioua historia za watu wengi bila hata matanga. Lakini mzee ana haki ya kuongeza swali la pili, na kila anayeitwa daktari wa insia ajiandae kulijibu siku atakaporudi nyumbani: Dawa yenyewe iko wapi, mwanangu?